Divai ya kwetu iko: muionje kabla jua halijapanda



Kila tunapokutana kwa karamu ya mwenzetu aliyemaliza masomo, chupa ya divai inawekwa mezani, na ile chupa inatoka mbali: Afrika ya Kusini, Ureno, Ufaransa. Mtu akiuliza "na divai ya kwetu?", watu wanacheka. Wanajibu: sisi tuko na bia, tuko na lutuku, divai hatuna. Mimi nilisoma agronomia, na jibu hilo linanisumbua juu si kweli. Divai ya kwetu iko, na inauzwa kila siku hapa Kamina, katika kabare za mitaa na pembeni ya soko, ndani ya bido za manjano. Kinachopunguka ni vitu viwili: wakati na miti. Nitaeleza.

Ili nisiandike maneno ya kitabu tu, nilizunguka kabare tatu za mji wetu kwa Jumamosi mbili, na daftari mfukoni. Nilionja kidogo kidogo, nikauliza sana. Haya njo niliyoyaokota, pamoja na yale tuliyofundishwa.

1. DIVAI NI NINI?

Neno "divai" lilitoka kwa Kifaransa, du vin. Wenzetu wa pwani wako pia na neno "mvinyo", lililotoka kwa Wareno. Kwa sheria za Ulaya, divai ni ya zabibu tu, na Kanisa Katoliki nalo linakubali kwa misa divai ya zabibu peke yake. Njo maana wengi wetu, tangu tukiwa wadogo, tunafikiri divai ni kile kinachokaa katika kalisi ya padri.

Lakini tukitazama namna inavyotengenezwa, tofauti ni nyepesi. Divai inatoka kwa kitu ambacho kiko na sukari tayari: maji ya tunda, maji ya mti, asali. Chachu, ile tunaita leviri, inakula sukari hiyo na kutoa alkoli pamoja na gesi. Bia inatoka kwa nafaka au mihogo, ambamo mna wanga. Wanga hauliwi na chachu moja kwa moja. Lazima kwanza uvunjwe kuwa sukari. Basi ukiweza kuweka leviri moja kwa moja bila kuvunja kitu, uko upande wa divai. Kwa hesabu hiyo, malafu ni divai kamili. Hata Wafaransa wenyewe wanaiita vin de palme.

Shikeni hesabu moja, itatusaidia mpaka mwisho. Karibu gramu 17 za sukari katika lita moja zinatoa kiwango 1 cha alkoli kwa mia. Maji ya zabibu zilizoiva vizuri yako na gramu 220 hivi: ukigawa, unapata 13, na njo hiyo unayosoma kwenye chupa. Maji ya ngazi yako na gramu 100 mpaka 120: kwenye karatasi unapata 6 au 7. Kwa kweli malafu inafika 4 au 5 tu, juu bakteria nazo zinakula sehemu yao.

2. MALAFU YA NGAZI

Ngazi ni ule mti ambao Watanzania wanauita mchikichi, mama wa mafuta mekundu. Mti mmoja unatoa maua ya kike, ambayo yanakuwa vichane vya ngazi, na maua ya kiume, ambayo hayazai. Mtu wa kukata malafu anayejua kazi yake anapanda na mshipi wake, anakata ua la kiume, anafunga kibuyu au chupa chini yake. Sukari ambayo mti ulikuwa unapeleka kwenye ua inadondoka ndani ya kibuyu. Asubuhi na jioni anarudi kuchukua, na kila mara anakata upya kipande chembamba ili kidonda kisifunge. Mti unabaki hai na unaendelea kuzaa.

Yale maji yakitoka ni meupe kama maji ya kunywa, tena ni matamu na hayana uchachu. Lakini chachu iko tayari inayangojea: iko hewani, iko kwenye kibuyu cha jana, iko kwenye kisu. Baada ya saa chache tu yanakuwa na rangi ya maziwa. Ile rangi ni chachu na bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wanaelea ndani. Gesi inapanda na povu linatokea. Baada ya siku moja alkoli imefika karibu na mwisho wake. Kesho yake, bakteria za siki zinaanza kugeuza alkoli kuwa asidi. Siku ya tatu una siki ya kuwekea sombe, si kinywaji.

Katika kabare ya kwanza nilimwuliza mama mwenye kuuza:

"Mama, hii imekatwa saa ngapi?"

"Ya leo asubui, mwana. Onja kwanza. Ya magaribi iko na nguvu, ile njo ya babakubwa. Malafu haingojaka mutu."

Alinimiminia vikombe viwili, cha asubuhi na cha jana jioni. Kile cha kwanza kilikuwa kitamu, kizito kidogo mdomoni, na harufu karibu na ya ndizi iliyoiva. Cha pili kilikuwa kikavu, kinachoma ulimi, na harufu ya yai kwa mbali. Harufu hiyo inajulikana kwa wenye kusoma: moja ya bakteria zinazofanya kazi ndani ya malafu, Zymomonas, inaacha alama ya kiberiti. Mti ulikuwa mmoja na mtu aliyekata ni mmoja, lakini nilionja divai mbili. Anayesema "mimi sipendi malafu" pengine alionja saa moja tu ya malafu.

Tena si kinywaji cha watu wasio na historia. Masimulizi ya Walunda yanaeleza kwamba Kinguri na Chinyama walimkuta baba yao anasuka mkeka, pembeni yake chombo chenye maji meupe ya kulowekea nyuzi. Walifikiri ni malafu ambayo mzee anawanyima, wakampiga. Kwa sababu hiyo mzee alimpa binti yake Ruwej bangili ya utawala, lukano, na Ruwej akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba. Kama masimulizi haya ni ya kweli, ufalme mkubwa ulibadilisha njia juu ya kikombe cha malafu ambayo haikuwa hata malafu.

3. MALAFU YA RAFIA

Kikombe cha kabare ya pili kilikuwa cha rafia, ile mitende mikubwa ya kwenye mabonde yenye maji. Wanywaji wa zamani wanaipenda kuliko ya ngazi, wanasema ni laini. Lakini hapa njo penye shida, nanyi wenye kusoma sayansi mtaielewa mara moja.

Mti wa rafia unatoa maua mara moja tu katika maisha yake. Kwa miaka mingi unaweka akiba ya wanga ndani ya shina, kisha unatumia yote kwa maua na matunda, na lile shina linakufa. Mtu wa malafu anafika muda mfupi kabla ya maua, anakata kichwa cha mti, anachukua ile akiba. Malafu inatoka kwa majuma, ni nyingi, halafu shina linakauka. Na kwa kuwa limekatwa kabla ya kuzaa, halikuacha mbegu.

Mtu mmoja akikata rafia mbili kwa mwaka katika bonde kubwa, bonde halisikii kitu. Mji ukiwa na wanywaji wengi, na watu kumi wanakata katika bonde moja, bonde linaisha. Papa mmoja aliyeleta bido zake kwa kinga aliniambia:

"Zamani nilikuwa natoka asubui, saa ine niko hapa. Leo ninalala kule pori. Karibu haziko tena."

"Na watoto yako, papa, wanapandaka?"

"Bote beko Kolwezi, mu migodi. Nani atapanda?"

Nilirudia maneno hayo kichwani njia yote. Miti ikienda mbali, malafu inafika imezeeka. Ile aliyokuwa anauza saa nne asubuhi, changa na tamu, leo inafika na siku nzima ndani ya bido la plastiki chini ya jua. Wauzaji wengine wanaongeza maji na sukari, au sakarini, ili kurudisha utamu. Kijana wa leo anaonja kitu hicho, anakunja uso, anasema malafu ni ya wazee, anaagiza bia. Mwenye kukata anapoteza mteja, mtoto wake haoni sababu ya kujifunza kupanda. Watu wanasema vijana wameacha desturi. Mimi ninaona kwamba desturi ilisogea kilomita nyingi kutoka mjini, na ile inayotufikia siyo tena ile babu zetu walikunywa.

4. DIVAI MPYA: NANASI NA ASALI

Kabare ya tatu ni sebule ya nyumba tu. Mama wa nyumba anatengeneza divai ya nanasi, na anaiuza kwa chupa wakati wa harusi na komunyo. Nilifurahi sana, juu anafanya hesabu yetu bila kuijua. Maji ya nanasi yako na gramu 120 hivi za sukari kwa lita, sawa na ya ngazi. Yakiachwa hivyo yatatoa alkoli ya 7, ambayo haitoshi kuilinda divai kwa muda mrefu. Yeye anaongeza karibu gramu 80 za sukari kwa kila lita. Jumla inakuwa 200: gawa kwa 17, unapata karibu 12. Sasa ni divai ya kukaa.

Jambo la pili analofanya ni la maana zaidi. Bido limefungwa vizuri, na kwenye kifuniko amepitisha mpira mwembamba ambao ncha yake inazama ndani ya chupa ya maji. Gesi inatoka, mapovu yanaonekana, lakini hewa haiingii. Bakteria za siki zinahitaji hewa. Bila hewa zinalala. Mapovu yakinyamaza, baada ya majuma machache, anahamisha divai polepole kwenye chombo kingine na kuacha matope chini. Divai yake ilikuwa ya manjano, kavu kidogo, na harufu ya nanasi ilibaki. Ikiwekwa katika chupa yenye karatasi nzuri, wengi wetu tungeuliza inatoka nchi gani.

Divai ya asali nayo ni ya familia hiyo. Ng'ambo, Zambia, wanaiita mbote. Ethiopia wanaiita tej, na kule inanywewa katika nyumba zake za pekee. Sisi tunaishi katikati ya miti ya miombo, asali inapita sokoni kila mwaka, na sikupata mtu mmoja hapa mjini mwenye kuuza divai yake. Kama kuna mwenzetu anatafuta kazi ya kuanzisha, aandike hilo.

5. MUNKOYO NA LUTUKU SI DIVAI

Munkoyo ni mtoto wa bia. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ndani ya ile mizizi mna enzimu zinazovunja wanga: uji unakuwa mwepesi na mtamu mbele ya macho yako. Ukiitia mizizi uji ukiwa wa moto sana, enzimu zinakufa na uji unabaki uji. Siku ya kwanza watoto wanakunywa; baadaye inapata alkoli kidogo. Ni kazi nzuri ya kemia, wamama wanaifanya bila maabara.

Lutuku ni pombe iliyochemshwa, mvuke wake ukakusanywa. Inakuwa na nguvu mara nyingi zaidi, na vyombo vinavyotumika, mapipa ya zamani na mabomba ya chuma chochote, vinaweza kuingiza sumu ndani. Ninaitaja hapa juu wengi wanaposikia "pombe ya kienyeji" wanaweka vyote katika gunia moja. Malafu safi ya asubuhi na lutuku havifanani hata kidogo.

6. JE, SAA INAWEZA KUSIMAMISHWA?

Inaweza. Miaka ya 1860, divai za Ufaransa zenyewe zilikuwa zinaharibika njiani. Louis Pasteur alionyesha kwamba ukiipasha divai moto bila kuichemsha, katika nyuzi 50 mpaka 60 hivi, vijidudu vinakufa na divai inatulia. Nigeria, taasisi ya utafiti wa michikichi ya NIFOR ilifuata njia hiyo: malafu inachujwa, inawekwa katika chupa, chupa zinafungwa na kupashwa moto ndani ya maji. Inakaa miezi badala ya siku mbili. Ladha inabadilika kidogo, wenye kuzoea ile ya kibuyu watalalamika, lakini mtu wa mbali anaweza kuionja.

Vifaa vyake havizidi akili yetu: sufuria kubwa, kipimajoto, chupa nene zilizooshwa kwa maji ya moto, mashine ndogo ya kufungia vifuniko. Onyo moja: usifunge malafu inayochemka bado kwa gesi ndani ya chupa bila kuipasha moto. Chupa itapasuka, na vipande vyake vinatoboa jicho.

7. NA ZABIBU?

Wengine wataniuliza: kwa nini tusipande zabibu kama Dodoma? Swali zuri. Dodoma, katikati ya Tanzania, zabibu ziliingia miaka ya 1950 kwenye misheni ya Bihawana, na leo mji ule unajulikana kwa divai yake, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka. Hapa Kamina tunapita 1,000 kwa mbali, na inanyesha mfululizo tangu Oktoba mpaka Aprili. Zabibu katika unyevu huo inashikwa na magonjwa ya kuvu, na dawa zitakula faida yote.

Tunachoweza kuiga Dodoma ni kitu kingine. Pale hapakuwa na desturi ya zabibu hata kidogo. Watu walipanda kwanza, kituo cha utafiti cha Makutupora kikachagua aina zinazofaa, halafu viwanda vikaja. Sisi tuna desturi tayari, na wanywaji tayari, lakini hakuna anayepanda.

8. TUPANDE NINI, NA WAPI

Ngazi haipendi kiangazi kirefu, na chetu ni cha miezi karibu mitano. Mlimani utateseka. Mahali pake ni pembeni ya mabonde, mizizi iwe karibu na maji. Rafia inashuka chini zaidi, kwenye tope lenyewe, mahali ambapo mahindi na mihogo hayaoti, kwa hiyo haigombanii shamba na mtu.

Kwa ngazi, tumieni miche ya aina ya tenera. Ni sifa ya nchi yetu: mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi Yangambi, walieleza kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ugunduzi huo ulibadilisha mashamba ya michikichi ya dunia nzima. Tenera inaanza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4. Mbegu zake ni ngumu kuota, zinahitaji kuwekwa katika joto kwa muda mrefu, basi ni vema kununua miche kuliko kuhangaika na mbegu. Nyumba yenye miti 10 tu karibu na mji inapata mafuta, na maua ya kiume yanatoa malafu bila kuua mti.

Kwa rafia kanuni ni nyepesi, na machifu wa vijiji wanaweza kuisimamia: katika kila bonde, mashina fulani yaachwe yazae mpaka mwisho, na anayekata moja apande matatu. Hatakunywa yeye malafu ya ile miche, atakunywa mtoto wake. Sisi wenye diploma tunaweza kuanza na kitalu kimoja cha chama chetu. Nitaleta pendekezo hilo kwenye mkutano ujao, pamoja na hesabu ya gharama.

9. NAMNA YA KUONJA

Kwa wenye kutaka kwenda wenyewe: fikeni mapema, kabla ya saa nne. Ulizeni mambo matatu: ni ya mti gani, imekatwa saa ngapi, imetoka wapi. Muuzaji mwaminifu anajibu bila kukasirika. Angalieni bido: kama lilibeba mafuta ya gari zamani, ondokeni. Onjeni vikombe viwili vya saa tofauti, kidogo kidogo, mkiwa mmekula, na mwenye kuendesha motari asionje. Na mlipe vizuri. Yule papa wa kinga alilala porini ili nyinyi mnywe.

Mwisho, ninaomba msaada wenu. Mliotoka Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, andikeni hapa chini: kwenu malafu inatoka kwa mti gani, nani anapanda, na mabonde ya rafia yaliyobaki yako mbali kiasi gani na senta? Majibu yenu njo yatatuambia kitalu kianzie wapi.